Somo: Kuchunguza tope hai kwa hadubini, kwa waendeshaji wa mitambo ya majitaka

Mwezi huu pekee nimeulizwa mara sita, na watu sita tofauti, jinsi mwendeshaji wa mtambo asiye na shahada ya mikrobiolojia anavyoweza kuitumia hadubini kujua hali ya tope lake, na mara zote sita nimejibu jambo lilelile kwa vipandevipande. Leo naliandika lote mahali pamoja. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa, naye asinione mkali.

Somo hili linahusu mitambo ya tope hai, ambamo bakteria hai walio kwenye tope hula uchafu, yaani ile yenye tangi la hewa, blowa (mashine ya kupuliza hewa) na tangi la kutuamishia tope, kama inayoonekana kwenye viwanda vya vinywaji na hoteli kubwa. Wenye mabwawa waulize chini, kwa sababu mambo yao ni tofauti kidogo.

Wapo wanaouliza kwa nini tuhangaike na hadubini ilhali maabara hupima BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria huihitaji kuuozesha uchafu ulio majini. Tanzania na Kenya zote zimeweka kikomo cha BOD cha miligramu 30 kwa lita kwa maji yanayoachiwa kwenye mazingira, lakini kipimo chenyewe huchukua siku 5, kwa hiyo unapopata jibu, maji uliyoyapima yameshafika mtoni zamani. Viumbe walio ndani ya tangi wamekesha wakiyaonja maji hayohayo usiku kucha, nao watakupa jibu lao kwa dakika 20, mradi uwaulize wangali hai.

Hatua ya 1. Vaa glavu, funika vidonda, na usile wala kuvuta sigara mpaka unawe kwa sabuni. Majitaka hubeba mayai ya minyoo, homa ya matumbo na homa ya ini.

Hatua ya 2. Kabla ya kuchota, andika daftarini saa, oksijeni ya tangini, joto, pH na kiasi cha tope la ziada kilichotolewa jana.

Hatua ya 3. Chota sampuli. Hapa naomba usome polepole, maana hapa ndipo nilipoaibika.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili kazini, kwenye mtambo wa kiwanda kimoja nje kidogo ya Dar es Salaam, na hadubini yetu ilikuwa imewekwa ofisi ya mjini. Nilijaza chupa ya lita moja mpaka mdomoni, nikaikaza kifuniko ili isimwagike, nikaitia kwenye buti la gari saa sita mchana, nikakaa kwenye foleni. Nilipoweka tone la kwanza chini ya lenzi, saa tatu na nusu baadaye, hakuna siliata (viumbe wa seli moja wenye vinyweleo, baadhi yao hukaa juu ya vikonyo) hata mmoja aliyekuwa akitikisika. Vikonyo vilikuwa vimebaki vitupu kama mabua baada ya mavuno, na waliokuwa wakijongea ni vijidudu vya mijeledi tu. Niliandika ripoti kwamba sumu imeingia mtamboni. Uzalishaji ukasimamishwa kwa zamu mbili, majitaka yote yakaelekezwa kwenye tangi la dharura, na msimamizi wa usafi akatuhumiwa kwamba watu wake wamemwaga soda kali ya kuoshea mashine. Kesho yake mzee mmoja wa zamu ya usiku, ambaye hakujua jina la kiumbe hata kimoja, aliniuliza swali moja tu: ile chupa ilikuwa na nafasi ya hewa? Tukachota sampuli mpya, tukaitazama palepale kwa hadubini ya kuazima, na siliata walikuwa tele, wazima, wanakula. Ilinibidi nimwombe radhi msimamizi wa usafi mbele ya watu wale wale waliomsikia akilaumiwa.

Sababu yake ni rahisi. Tope hai halikomi kuvuta pumzi kwa sababu umelitia chupani. Mchanganyiko wenye miligramu 3,000 za yabisi, yaani tope likikaushwa, kwa lita, ukiwa na oksijeni ya miligramu 2 kwa lita, unaimaliza oksijeni hiyo kwa dakika chache baada ya kutengwa na hewa, na joto letu la pwani huongeza kasi. Ukitazama baada ya hapo, unatazama yaliyotokea chupani, na mtambo hauhusiki. Kwa hiyo:

Chota mwisho wa tangi la hewa, mahali mchanganyiko unapotokea kwenda kutuama, kiasi cha nusu mita chini ya uso wa maji. Usichote povu, ukitaka kulichunguza povu, litie kwenye chupa yake na uiandike jina. Tumia chupa ya mdomo mpana, jaza theluthi moja tu, na kifuniko kiwe kimelegea. Usichote wakati blowa zimezimwa, wala dakika chache tu baada ya kuwashwa. Usiweke kwenye friji sampuli unayotaka kuitazama ikiwa hai. Tazama ndani ya saa moja. Zikipita saa tatu tangu uchote, imwage ukachote nyingine. Na uchote saa ileile kila siku, kwa sababu tope la saa mbili asubuhi na lile la saa tisa alasiri, kiwanda kikiwa kimepamba moto, si tope moja.

Hatua ya 4. Jaza silinda ya lita 1, acha itulie dakika 30, soma ujazo wa tope. Usiimwage, iache mpaka saa 2 zipite uone kama tope litapanda juu.

Hatua ya 5. Igeuze chupa polepole mara kadhaa, bila kuitikisa, kwa sababu mtikiso huvunja madonge ya bakteria ambayo ndiyo unayotaka kuyaona. Ikiwa ncha ya dropa ni nyembamba, ikate kwa mkasi, la sivyo madonge makubwa hayatapita na utadhani una tope la unga. Hesabu matone yanayojaza mililita 1; yakiwa 20, tone lako ni mililita 0.05, na idadi ya viumbe utakaowahesabu kwenye tone zima utaizidisha kwa 20 upate idadi yao kwa mililita. Tone la ukubwa huo linahitaji kifuniko kirefu, cha milimita 22 kwa 40. Kishushe kwa kukiegemeza upande mmoja kwanza, kisha ukiachie kilale taratibu, usifungie mapovu ya hewa. Usikikandamize kwa kidole.

Hatua ya 6. Punguza mwanga. Wanafunzi wangu karibu wote huja na malalamiko kwamba hawaoni kitu, na karibu wote wamefungua mwanga mpaka mwisho. Viumbe hawa ni angavu kama ute wa yai. Mwanga mwingi huwapita na kuwafuta. Funga kiwambo kilicho chini ya jukwaa la slaidi mpaka kibaki tundu dogo, shusha kondensa (lenzi ya chini inayokusanya mwanga) kidogo, na utaona kingo zao zikijitokeza.

Hatua ya 7. Anza na lenzi ya mara 10, ambayo pamoja na ile ya jicho hukupa ukuzaji wa mara 100. Pita slaidi nzima mstari kwa mstari, kama mtu anayepalilia matuta, bila kurukia panapovutia. Tazama madonge kwanza, hata kama viumbe wanakuita. Je, ni mviringo na yameshikana, au yamechanika? Je, maji yaliyo katikati yake ni safi, au yana vumbi la bakteria waliotawanyika? Je, kuna nyuzi za bakteria zinazotoka donge moja na kushika jingine, kama kamba za nguo kati ya nyumba na nyumba? Nyuzi za namna hiyo huyazuia madonge yasikaribiane, na tope lako litaumuka kama unga wa maandazi badala ya kuzama.

Kisha watazame viumbe. Utakayemtambua kwanza ni Vorticella: kengele ndogo iliyokaa juu ya kikonyo, mdomo wake umezungukwa na vinyweleo vinavyovuta maji ndani. Gusa meza kidogo kwa ukucha. Kikonyo kitajikunja ghafla kama springi, kengele itafumba, kisha taratibu, baada ya sekunde chache, kitanyooka tena na mdomo utafunguka. Nimewaona watu wazima wenye miaka 20 kazini wakigonga meza mara kumi kwa furaha.

Hatua ya 8. Hesabu kwa makundi, si kwa majina ya Kilatini. Tope changa, au lililozidiwa na chakula, huwa na vijidudu vya mijeledi na amiba wengi. Likikomaa kidogo hutokea siliata wanaoogelea huru, kwa sababu bakteria waliotawanyika ni wengi na ndio chakula chao. Mtambo ukitulia, wanatawala siliata watambaao juu ya madonge, kama Aspidisca, pamoja na wale wa vikonyo. Rotifa (wanyama wadogo sana wa seli nyingi) na minyoo ya duara wakiwa wengi, tope lako huenda limezeeka, na mara nyingi utaona pia vipande vidogo kama ncha ya sindano vikielea kwenye maji yanayotoka. Haya ni maelekezo, si sheria. Tengeneza slaidi tatu, chukua wastani, uchore grafu ya kila kundi. Slaidi moja ya siku moja haijawahi kunisaidia kuamua jambo, na ile niliyoamulia nimeshawasimulia.

Hatua ya 9. Panda mara 400 uzitazame nyuzi, uzipe alama kutoka 0, yaani hakuna, mpaka 6, yaani zimezidi kabisa. Mtu mmoja awe ndiye anayetoa alama wiki nzima.

Hatua ya 10. Ukiamua kurekebisha, badilisha jambo moja tu. Kiasi cha tope la ziada unachotoa kisibadilike kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15 kwa siku, kisha usubiri, kwa sababu bakteria wanaozaliwa leo hawawaondoi wa jana mpaka umri wa tope, yaani siku ambazo tope hukaa mtamboni kabla ya kutolewa, upite.

MASWALI YA WANACHAMA

Pampu_Mbili: Mkuu, mtambo wangu una povu jingi. Niweke dawa gani?

Jibu: Hujasema rangi ya povu, umri wa tope, wala kama umetazama slaidi. Povu jeupe jepesi la mtambo uliowashwa juzi na povu zito la kahawia lenye mafuta ni magonjwa mawili tofauti. Rudi hatua ya 3, chukua sampuli ya povu na ya tangi kwa chupa mbili, kisha uulize tena.

Pampu_Mbili: Ni la kahawia. Niweke klorini?

Jibu: Sampuli mbili, tafadhali.

Mabwawa_Kaskazini: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhudumu wa mabwawa ya majitaka, hatuna blowa wala tope la kurudisha. Wiki ya pili sasa bwawa la pili limeacha ukijani na kugeuka rangi ya zambarau, na wakubwa wanasema kuna kiwanda kimemwaga rangi. Je, hadubini inaweza kunisaidia kujua?

Jibu: Marahaba. Inaweza, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Bwawa la kijani linafanya kazi kwa sababu mwani hutengeneza oksijeni mchana, na bakteria huitumia. Bwawa likizidiwa na mzigo, oksijeni hupungua na salfaidi huongezeka, na ndipo huchipuka bakteria wa salfa wa zambarau, ambao hutumia mwanga wa jua na salfaidi hiyo kujiendesha. Kwa hiyo rangi inaweza kuwa haijatoka kiwandani hata kidogo. Chota maji ya rangi hiyo, tazama mara 400: rangi ya kiwanda huwa imeyeyuka majini kote, lakini rangi ya bakteria utaiona iko ndani ya seli, na baadhi ya seli hizo huwa na chembe za salfa zinazong'aa. Hao bakteria wana faida yake pia, kwa kuwa wanaila salfaidi ambayo vinginevyo ingewanukia majirani. Tibu mzigo: pima kina cha tope lililojaa kwenye bwawa la kwanza, na uangalie kama magari ya kunyonya vyoo yanamwaga yote sehemu moja asubuhi moja. Na kwa mabwawa, chota mara mbili kwa siku, alfajiri na alasiri. Alasiri ya jua kali bwawa zuri linaweza kuvuka pH 9, kisha alfajiri oksijeni ikawa imekwisha kabisa, na zote mbili ni hali za kawaida za bwawa lilelile.

Mabwawa_Kaskazini: Asante sana. Bwawa la kwanza halijatolewa tope tangu nianze kazi hapa.

Jibu: Basi anzia hapo. Funga kitambaa cheupe kwenye mti mrefu, uuzamishe wima mpaka sakafuni, uuache kidogo, kisha uutoe polepole. Tope litaacha alama yake kwenye kitambaa. Rudia sehemu kadhaa za bwawa, na mtu wa pili awe kando yako na kamba na boya.

Suluhisho_Haraka: Haya yote ya nini? Kuna pakiti za bakteria kavu, unamwaga kilo moja kwa wiki na mtambo unajiendesha. Karibuni inbox.

Jibu: Nimeshazimwaga pakiti za namna hiyo mtamboni kwa amri ya wakubwa. Nilihesabu slaidi tatu kila siku kwa wiki tano, na grafu yangu haikuonyesha tofauti yoyote na wiki tano za kabla yake. Tangi la hewa la ukubwa wa wastani lina tani za bakteria ambao tayari wamezoea majitaka ya hapo. Ikiwa wewe una hesabu zako, za kabla na za baada, ziweke hapa hadharani tuzisome wote. Huko inbox siendi.

Zamu_C: Ujazo wangu baada ya dakika 30 ni 900. Vitabu vinasema tope limeumuka. Lakini nyuzi siioni hata moja. Nani mwongo?

Jibu: Hakuna mwongo, umekosa namba ya pili. Una yabisi kiasi gani tangini?

Zamu_C: Miligramu 5,000 kwa lita.

Jibu: 900 zidisha kwa 1,000, gawanya kwa 5,000, unapata 180, yaani mililita kwa kila gramu ya yabisi, ambayo kweli inatisha. Sasa chukua nusu lita ya mchanganyiko, ongeza nusu lita ya maji safi yanayotoka kwenye tangi lako la kutuamishia, usitumie ya bomba yenye klorini, kisha upime tena dakika 30.

Zamu_C: Imekuwa 250.

Jibu: Mara 2 ni 500, gawanya, unapata 100. Tope lako ni zima. Limesongamana tu silindani kama abiria wa daladala la jioni na halina pa kushukia. Ongeza kidogo kidogo kiasi cha tope unachotoa. Umefanya vizuri kuyaamini macho yako kabla ya kumwaga dawa.

Dada_wa_Hoteli: Habari za kazi. Ninaendesha mtambo mdogo wa hoteli ufukweni. Nimefuata hatua ya 3 kama ulivyoandika, na nimeona mambo mawili nisiyoyaelewa. Kwanza, Vorticella kadhaa wana kitu kama puto mdomoni. Pili, kuna kengele zinazoogelea bila kikonyo, kwa kasi, nami nimeshindwa kuziweka kundi gani.

Jibu: Dada, nzuri. Umetazama kwa makini kweli, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu. Puto la mdomoni wengi wetu tumelihusisha na upungufu wa oksijeni. Pima tangini saa uliyochota, na kama iko chini ya miligramu 1 kwa lita, anza kwa kusafisha vichujio vya blowa. Kengele zinazoogelea ni Vorticella haohao: mazingira yakiwa magumu, kichwa huachana na kikonyo, huota ukanda wa vinyweleo upande wa nyuma, na kwenda kutafuta mahali pengine pa kushika. Waweke kwenye safu yao wenyewe, usiwachanganye na siliata waogeleao huru, la sivyo grafu itakuambia tope limerudi utotoni wakati kumbe limeshtuka tu. Hotelini mshtuko wa kawaida ni viua vijidudu vya jikoni na vyooni, klorini ya bwawa la kuogelea linapooshwa, na maji ya dobi. Ufukweni ongeza chumvi: bomba la majitaka lililopasuka likinywa maji ya bahari wakati wa bamvua, siliata ndio huumia mapema. Pima uwezo wa maji kupitisha umeme wakati maji yamejaa na wakati yamekupwa, ulinganishe.

Pampu_Mbili: Nimetazama sampuli mbili kama ulivyosema. Kwenye povu kuna nyuzi fupi zenye matawi kama mizizi ya mti, nyingi mno. Kwenye tangi zipo chache. Samahani kwa haraka ya mwanzo.

Jibu: Sasa tunazungumza. Nyuzi zenye matawi ya kweli, kwenye povu la kahawia lenye mafuta, kwa kawaida ni jamii ya Gordonia, ambayo zamani tuliiita Nocardia. Hupenda mafuta na tope la umri mkubwa. Klorini ya kumwaga tangini haitawafikia walio ndani ya povu, bali itawaua siliata wako. Likusanye povu na uliondoe kabisa mtamboni, usilirudishe mwanzoni kama wafanyavyo wengi. Kagua mtego wa mafuta wa jikoni. Kisha punguza umri wa tope kwa utaratibu wa hatua ya 10. Ukipata rangi za Gram, za kupaka bakteria ili kuwatofautisha, zipake: Gordonia hubaki zambarau.

Zamu_C: Nje ya mada kidogo. Hadubini yetu imeota ukungu ndani ya lenzi. Tupo Tanga.

Jibu: Pwani ndivyo ilivyo. Mfuko wa plastiki ule wa kuifunika vumbi unafungia unyevu, uache. Iweke kwenye kabati dogo lenye chembe za silika, uzikaushe kwenye oveni zikibadilika rangi. Lenzi ifute kwa karatasi yake maalumu. Ncha ya shati ina mchanga hata kama huuoni. Ukungu ulio ndani mpelekee fundi, usifungue mwenyewe. Mimi nilifungua moja, na springi yake bado ninaitafuta.

Dada_wa_Hoteli: Nimerudi. Nimehesabu siku tisa. Kengele zinazoogelea huongezeka Jumamosi jioni na kupungua Jumatatu. Dobi hufua mashuka yote Jumamosi. Ila sasa nina vikonyo vingi vitupu, je, navyo nivihesabu?

Jibu: Vihesabu, safu ya peke yake, na kando yake uandike saa ambayo dobi alianza kumwaga maji. Jumamosi ijayo chota mara nne: kabla, saa moja baada, saa tatu baada, na asubuhi ya Jumapili.